"Anasumbua" haitoshi: jinsi ya kumfanya daktari ayaone maumivu ya mtoto mwenye usonji

Kwa siku kumi na moja mwanangu alilala sakafuni. Alikuwa na miaka tisa, ana usonji (autism), haongei, na kila usiku alikuwa akishuka kitandani na kujilaza kwenye saruji, shavu la kushoto chini. Mchana anafungua friji, anatoa chupa ya soda, hanywi, anaibana kati ya bega na shavu. Alianza pia kujipiga makofi ya taya, na hilo ndilo lililotupeleka hospitali, mara mbili. Mara ya kwanza daktari alimtazama tukiwa bado mlangoni, akaandika dawa ya kumlaza. Mara ya pili daktari mwingine aliniambia kwa upole kabisa, "Mama, hawa watoto ndivyo walivyo."

Siku ya kumi na mbili nilikwenda zahanati ya mtaani kwetu kwa shida yangu mwenyewe, naye nikiwa nimemshika mkono. Sista mmoja mtu mzima akamwangalia akaniuliza, "Mbona shavu la kushoto tu?" Akavaa glovu, akazungushia shashi kwenye kidole, akapapasa fizi taratibu. Gego la chini lilikuwa limeoza hadi kwenye mzizi na usaha umejaa.

Niliwalaumu wale madaktari wawili, na bado nawalaumu kiasi. Lakini nilipokaa kukumbuka nilichowaambia, nikakuta nilisema hivi: "Dokta, anasumbua sana siku hizi, halali, anajipiga." Nilimpelekea daktari tabia, akatibu tabia. Haya yanayofuata ndiyo ninayoyafanya tangu siku ile, na ndiyo ninayowaeleza akina mama wenzangu wanaponipigia simu usiku.

Badilisha maneno kabla ya kubadilisha hospitali

Kiswahili chetu kina mtego hapa. Tukisema "mtoto anaumwa", tunaweza kumaanisha ana maumivu, na tunaweza kumaanisha ni mgonjwa tu. Daktari akisikia "anaumwa", anashika paji la uso, anaagiza kipimo cha malaria, kinatoka safi, mnarudishwa nyumbani. Sema "ana maumivu", kisha taja unapodhani yapo na tangu lini.

Maneno mengine ya kuacha nyumbani ni "anasumbua", "ana fujo", "amekuwa mkorofi", "anadeka". Yote yanamhukumu mtoto na hayamwambii daktari kitu. Badala yake tumia "amebadilika". Neno hilo linamlazimisha anayekusikiliza aulize: amebadilika vipi, tangu lini? Ukilisema, uwe na majibu mkononi. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kuyaandaa hayo majibu.

Hatua ya 1: Ijue kawaida yake akiwa mzima

Hii ndiyo kazi kubwa, na hufanywa wakati hakuna tatizo lolote. Daktari anamwona mtoto wako kwa dakika tano, ameziba masikio kwa mikono, anapiga kelele, anazunguka chumba. Hana namna ya kujua kwamba hizo kelele si zile za kila siku. Wewe unajua. Ila ujuzi wako uko kichwani, na kichwa cha mama ambaye hajalala siku tatu hakiaminiki, hata na yeye mwenyewe.

Chukua daftari, andika ukurasa mmoja. Analala saa ngapi, anaamka saa ngapi, analalia upande gani. Anakula nini na kiasi gani. Anapata choo mara ngapi kwa wiki, na kikoje. Akifurahi anafanya nini kwa mikono. Akikasirika anafanya nini, na hasira inachukua muda gani kwisha. Anakaa vipi: anakunja miguu, anachuchumaa? Anatembea kwa vidole? Sauti zake ni zipi? Wangu ana mlio mwembamba wa furaha na mlio mzito wa kukerwa. Wakati jino lake limeoza alitoa mlio wa tatu, mfupi, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Ningekuwa nimeiandika ile miwili, ningeusikia wa tatu siku ya kwanza.

Ongeza namba mbili: uzito, na mapigo ya moyo akiwa amelala. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, hesabu dakika nzima. Sababu ni hii. Mwaka 2009 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto na vijana wenye usonji wakati wa kutolewa damu. Wengi walionekana kama hawajaguswa, hawalii, hawavuti mkono. Lakini mioyo yao ilikuwa inadunda kwa kasi kuliko ya watoto wengine. Uso ulinyamaza, mwili ukasema. Kwa hiyo daktari akikwambia "hawa hawasikii maumivu", na wapo wanaoamini hivyo hadi leo, muombe kwa adabu ahesabu mapigo, na wewe umtajie kawaida yake.

Piga pia video fupi ya siku njema, sekunde thelathini: anakula, anatembea, anacheza. Utaona faida yake mbele.

Hatua ya 2: Mkague mwenyewe, kichwani hadi miguuni

Ukiona mabadiliko yamekaa zaidi ya siku moja na hayana sababu unayoijua (hajahamishwa darasa, hakuna mgeni nyumbani, umeme haukukatika usiku kucha), mkague. Wakati mzuri ni akiwa anaoga au amelala fofofo, na tochi ya simu.

Anza na mdomo, kwa sababu watoto wetu wengi hawakubali mswaki na meno ndiyo huoza kimyakimya. Harufu mbaya, mate mengi kuliko kawaida, kutafuna upande mmoja, kukataa chakula cha moto au baridi ghafla, kujipiga taya au sikio. Maumivu ya jino la nyuma mara nyingi huonekana kama ya sikio, basi angalia vyote viwili. Sikioni tafuta usaha, ushanga, pamba, mdudu. Usichokonoe.

Tumbo linastahili subira. Mtoto anayejilaza na tumbo juu ya ukingo wa kochi, au anayejibana tumboni kwa mto, huenda hachezi. Kufunga choo ni jambo la kawaida mno kwa watoto wanaokula vyakula viwili vitatu tu, na kuna kitu kinachowachanganya hata wahudumu: choo kikiganda ndani, kile chepesi hupenyeza pembeni na kuchafua nguo, nasi tunasema anaharisha. Anapewa dawa ya kuzuia kuharisha, mambo yanazidi. Ukiona nguo ya ndani imechafuka kidogokidogo kila siku na tumbo limejaa, mwambie daktari hivyo hivyo ulivyoona. Usiseme "anaharisha".

Kisha mkojo (anakwenda mara nyingi, anashika sehemu za siri, harufu imebadilika), ngozi, kucha zilizoingia nyamani, nyayo, viungo kimoja kimoja. Kwa msichana anayekaribia kuvunja ungo, weka tarehe kwenye kalenda: mabadiliko yanayorudi kila baada ya wiki nne yana jibu lake. Na kama familia ina selimundu, maumivu ya mifupa yasipuuzwe hata siku moja.

Kuna mambo ambayo hayangoji daftari wala hatua ya tatu. Nenda dharura mara moja ukiona: korodani imevimba au anaishika kwa maumivu (ikiwa imejisokota, kuna kama saa sita tu za kuiokoa), anatapika rangi ya kijani, tumbo gumu kama ubao, shingo imekakamaa, anapumua kwa shida, hawezi kumeza mate, hakanyagi mguu, damu kwenye choo au mkojo, amelegea na kuamka ni kazi, au unahisi amemeza betri ya saa au sumaku.

Na neno moja kwa bibi na mashangazi: kumsomea dua sikatazi, nami namsomea. Ila atazamwe mdomo kwanza.

Hatua ya 3: Yape maumivu namba

Hospitali zinapenda namba. Mtoto anayeongea huulizwa "kutoka sifuri hadi kumi, inauma kiasi gani?" Kwa asiyeongea kuna kipimo kinachoitwa FLACC, kilichotoka Marekani mwaka 1997 na manesi wengi wa watoto wanakijua. Unaangalia mambo matano: uso, miguu, mwili kwa jumla, kilio, na kama anabembelezeka. Kila kimoja unakipa 0, 1 au 2, unajumlisha. Kuanzia 4 ni maumivu ya wastani, kuanzia 7 ni makali. Mwaka 2006 kiliboreshwa kwa ajili ya watoto wenye changamoto za ukuaji wa akili, na uboreshaji wenyewe ndio unaotuhusu: mzazi anaruhusiwa kuongeza alama za mtoto wake mwenyewe. Kwangu, chini ya "mwili", nimeandika "analala sakafuni, anatafuta vitu vya baridi".

Kipo kingine kutoka Kanada, kinaitwa NCCPC-R, cha watoto wasiowasiliana kwa maneno. Kina vipengele 30, unamtazama mtoto saa mbili nzima, na jumla ikifika 7 ni dalili kwamba ana maumivu. Ni kirefu, lakini kina sehemu ya kula na kulala, ambayo FLACC haina. Nakitumia kwa maumivu yanayokuja na kuondoka.

Pima mara tatu kwa siku, andika saa. Namba moja ni maoni yako. Namba tisa za siku tatu, zinazopanda kila baada ya chakula, hapo daktari anaweka kalamu chini na kukutazama.

Hatua ya 4: Dawa ya maumivu

Akina mama wengi huacha kumpa mtoto dawa ili daktari "amkute na hali yake". Usifanye hivyo. Mpe parasetamoli kwa uzito wake, kisha andika kilichotokea. Kipimo ni hadi miligramu 15 kwa kila kilo, kwa kuachanisha saa nne hadi sita, na isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 20 ni miligramu 300. Soma chupa: ile ya miligramu 120 katika mililita 5 itakuwa mililita 12.5, lakini ya miligramu 250 katika mililita 5 ni mililita 6 tu. Watu wamezidisha dawa kwa kutosoma hapo. Kama ana shida ya ini, au anatumia dawa nyingine yenye parasetamoli ndani (za mafua nyingi zinayo), muulize mfamasia kwanza. Aspirini asipewe mtoto, na sindano za maumivu za duka la dawa mtaani achana nazo.

Ukiweza kusema "nilimpa saa 2 asubuhi, saa 3 kasoro akaacha kujipiga na akala uji, saa 8 mchana akaanza tena", umetoa ushahidi mzito. Tabia ya usonji haitulii kwa parasetamoli ikarudi dawa inapoisha nguvu. Asipotulia, hiyo haithibitishi kwamba hana maumivu. Yapo yasiyosikia dawa hiyo.

Hatua ya 5: Karatasi moja, video mbili

Usipeleke daftari zima. Hakuna atakayelisoma, na foleni iko nje. Karatasi yangu ya lile jino, kama ningekuwa na akili za leo, ingekuwa hivi:

*Miaka 9, kilo 24. Ana usonji, haongei, anaelewa maneno mepesi. Hana mzio wa dawa ninaoujua.*
*Kawaida: analala kitandani saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi. Anakula wali, ugali, ndizi. Hajipigi.*
*Tangu Jumanne iliyopita: analala sakafuni, shavu la kushoto chini. Anaweka chupa ya baridi shavu la kushoto. Anajipiga taya la kushoto, zaidi baada ya kula. Ameacha ndizi mbivu na chai ya moto. Ameamka usiku mara tatu kila siku.*
*FLACC 5 hadi 7. Baada ya parasetamoli inashuka hadi 2.*
*Naomba atazamwe: meno, sikio, taya.*
*Hapendi kushikwa kichwa kwa kushtukizwa. Anatulia akipewa funguo za kushika.*

Isome tena uone "kushoto" limeandikwa mara ngapi. Nilikuwa nayaona yote hayo, sikuwahi kuyaweka pamoja.

Video mbili: ile ya siku njema na ya sasa, kila moja isizidi nusu dakika. Ukimwonyesha daktari ya sasa peke yake ataona "mtoto mwenye usonji". Akiziona mbili kwa kufuatana ataona mtoto aliyebadilika. Na tafadhali, zibaki kwenye simu yako. Kundi la wasapu la ukoo halitibu jino.

Hatua ya 6: Siku ya kwenda

Nenda mapema, kabla ya umati. Nenda na mtu wa pili, ili mmoja amshike mtoto na mwingine aongee. Mtu akiongea huku anakimbizana na mtoto korido nzima, maelezo yote humpotea. Dirishani mapokezi mwambie nesi: "Sista, shikamoo. Mwanangu ana usonji na ana maumivu, kelele za foleni zinamzidishia. Naomba unisaidie tusikae sana, au tusubiri nje mtuite kwa simu." Si kila mahali watakubali. Nimekubaliwa mara nyingi kuliko nilivyotarajia.

Hatua ya 7: Chumbani kwa daktari

Sentensi ya kwanza ndiyo inayoamua. Ukianza na "ana usonji", kila utakachosema baadaye kitapita kwenye mlango huo. Mimi husema: "Daktari, mwanangu amebadilika tangu Jumanne, na naamini ana maumivu upande wa kushoto wa uso. Nimeandika." Nampa karatasi, nanyamaza. Kunyamaza ni kugumu. Usonji ataukuta kwenye mstari wa kwanza.

Msaidie ampime. Pendekeza: "Anaweza kukaa kwenye mapaja yangu, uanze na upande usiouma, umwonyeshe tochi kwanza." Tumbo linaweza kupapaswa mtoto akiwa amelala juu yako, daktari akiangalia uso badala ya kusubiri kilio. Ikiwa haiwezekani kabisa na dalili ni nzito, uliza kama anaweza kupimwa akiwa amepewa dawa ya kumtuliza, na kama ni kwa nusu kaputi, waombe wafanye yote kwa mara moja: meno, masikio, damu.

Akisema "ni usonji tu", usipandishe sauti. Uliza maswali haya, taratibu:

"Daktari, mtoto asiye na usonji angeletwa na dalili hizi hizi, ungeanza kutafuta nini?"

"Usonji anao tangu azaliwe, haya yameanza Jumanne. Kitu gani kimetokea Jumanne?"

"Naomba uandike kwenye faili kwamba nimeeleza ana maumivu, na sababu za kutompima meno na sikio leo."

La tatu lina nguvu kuliko yote. Nimemwona daktari akifungua kinywa kusema jambo, akafunga, akachukua tochi. Kuandika "sikumpima" ni kazi kuliko kumpima.

Kama daktari anataka kuandika dawa ya kumlaza au ya tabia, muulize kama inaweza kungoja hadi sababu za mwili zitafutwe. Huo si ubishi. Hata chama cha kimataifa cha watafiti wa maumivu, IASP, kilipoandika upya maana ya maumivu mwaka 2020, kiliweka wazi kwamba mtu kushindwa kusema hakuondoi uwezekano kwamba anaumia.

Hatua ya 8: Ukikataliwa

Omba kuonana na daktari mwingine siku hiyo hiyo. Ikishindikana, muulizie mganga mfawidhi, yaani daktari mkuu wa kituo, au nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Watu hudhani ofisi ile ni ya misamaha ya malipo tu, kumbe afisa ustawi anaweza kukusindikiza kurudi chumbani. Omba rufaa kwa maandishi. Kwa meno unaweza kwenda kitengo cha meno moja kwa moja.

Sheria ziko upande wako. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 25 inahusu afya. Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010. Kwa walio Kenya, ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mimi huzitaja mwisho kabisa, kwa sababu ukianza na sheria daktari anajilinda badala ya kutibu. Andika tarehe, saa, chumba na ulichoambiwa. Malalamiko yenye tarehe hujibiwa.

Na rudi. Mtoto asipopata nafuu ndani ya siku mbili, rudi na namba mpya.

Hatua ya 9: Akishapona

Andika kilichokuwa tatizo na alichokifanya kukionyesha, ongeza kwenye ule ukurasa wa kawaida yake. Kisha, akiwa mzima na ana furaha, mfundishe njia ya kusema. Sisi tuna kadi nne kwenye kamba: tumbo, kichwa, mguu, na ya nne ni picha ya chupa ya soda, kwa sababu hilo lilikuwa neno lake mwenyewe la "inauma" kabla sijalielewa. Tulifanya mazoezi miezi, kwa vidonda vidogo na kuumwa na mbu, tukigusa panapouma na kugusa kadi.

Mwezi uliopita alinivuta kanga nikiwa napika, akaishika kadi ya chupa, akaibandika kwenye kisigino cha mguu wa kulia. Nilizima jiko nikawasha tochi. Ulikuwa mwiba wa mchongoma, umeingia wote.